Ziwa Lililokataa Kurudi

Jumatatu, 4 Machi 1974
Meja kaja ofisini kwetu Nakawa, kwenye kompyuta. Amri mpya! Programu zote, ya mvua, ya ziwa, hata ya kahawa, zitii maneno matatu yaleyale: ANZA, SONGA, RUDI. Kama askari. Programu kuu itaamuru, nyingine zifuate, na zikisikia RUDI zisimame na kuleta jibu. Meja mwenyewe kamsomea Erinayo, anayetuandikia programu kwa kutoboa kadi za kulishwa kompyuta, kadi za programu kuu. Ijumaa atakuja kutazama. Atakayemfurahisha atakuwa mkuu wa chumba. Ni mimi! Si Hippolyte, yule Mkongo wa mvua.

Jumanne, 5 Machi
Programu yangu ya ziwa iliachwa na mhandisi aliyefukuzwa nchini. Kwa nini anagawanya kwa saba? Saba ya nini? Nimeikodolea macho hadi chakula cha mchana. Ajabu tupu. Basi, ndani siigusi. Naivisha kanzu tu: kadi chache za juu za kupokea amri na kuzipitisha.

Jumatano, 6 Machi
Wazo! Erinayo husema "habali ya asubuhi". Nimejitolea kumsomea kadi za Hippolyte. Katoboa LUDI! Mvua haitasikia amri. Zangu nimetoboa mwenyewe. Hippolyte kanishukuru kwa mandazi. Matamu.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua imeanza, imesonga, imerudi na jibu. Nimeduwaa! Kisha ziwa langu. Limeanza. Limesonga. Limesonga tena. Karatasi zinatoka tu: maji yameimeza Ggaba, yamefika Nakawa, yanapanda Kalerwe. Meja kauliza, kwa upole wa kutisha, kama na kambi yake imo majini. Hippolyte kazima umeme, kaniokoa, nimemchukia zaidi.

Tukaangalia kadi za programu kuu. LUDI! Nani amwambie Meja? Hakuna. Hippolyte ndiye mkuu. Mimi nahamishiwa Ggaba, nikalitazame ziwa lenyewe.

Jumatatu, 11 Machi
Huku kuna nguzo ya kupimia maji, na bwana Odoch anayeisoma. Kazi tamu, naitaka. Alipoenda kunywa chai nimeididimiza nguzo matopeni, futi moja hivi. Asome vibaya, afukuzwe.

Jumanne, 12 Machi
Odoch anaumwa. Nimesoma nguzo mwenyewe. Maji yamepanda futi nzima! Kumbe programu yangu ilisema kweli! Nakimbia Nakawa kumwambia Meja.