Bibi wa Kando ya Bwawa

Jumanne, 3 Juni

Mpango umeiva. Ijumaa klabu ya kompyuta inaonyesha kazi za wanachama, na mwalimu wa klabu bado ananiita "wewe wa miwani", mwaka wa pili sasa. Inatosha!

Nitatumia ule mchezo wa zamani wa kujenga bustani ya burudani, uliomo kwenye kompyuta ya sebuleni. Wengine wanaucheza tu. Mimi nimeufungua tumbo. Nimeandika programu fupi itakayowatoa wageni wote wa zamani bustanini na kuingiza darasa letu zima, pamoja na walimu. Bustani yenyewe ni ya dada. Aliijenga kwa miaka sita, hadi alipokwenda chuo cha uuguzi. Hatajua.

Jumatano, 4 Juni

Jirani yangu wa dawati, tunayemwita Spika kwa sababu ya sauti yake, ameuliza kama nimeweka nakala ya faili pembeni. Nikamjibu kwamba nakala ni za watu wasiojiamini. Sentensi nzuri. Nimeiandika hapa isipotee.

Nimeendesha programu baada ya shule. Imekubali mara ya kwanza! Mwalimu mkuu anakula aiskrimu. Yule msichana anayegonga mihuri maktabani (nimeazima kitabu kilekile mara nne) yuko foleni ya bembea. Nikajiweka nyuma yake. Bembea ikaharibika. Hata humo.

Ijumaa, 6 Juni

Aibu. Kwenye skrini, mwalimu wa nidhamu alishuka kwenye treni ya kuporomoka na kupinduka, akatapika kwenye maua. Akatembea hatua tatu, akatapika tena. Darasa likavunjika mbavu. Spika akatangaza kwamba wazo lilikuwa lake. Kumbe mwalimu wa nidhamu mwenyewe yuko mlangoni. Spika akakumbuka haraka kwamba kazi ni yangu peke yangu.

Nimeosha madirisha yote ya maabara. Msichana wa maktaba akapita, akauliza kwa nini nilikuwa nyuma yake muda wote. Nikamwambia ni hesabu za kompyuta.

Nyumbani, mama akasema dada anakuja kesho, na bila shaka atakimbilia kumsalimia Bibi kwanza.

Bibi! Mwezi tuliomzika Bibi, dada alimpa mgeni mmoja wa bustani jina lake. Akamvika blauzi ya zambarau, akamweka kwenye benchi kando ya bwawa, akaondoa njia ya kutokea ili asiende popote. Miaka mitatu alikuwa pale. Na mimi nimemtoa pamoja na wengine, kama vumbi.

Nimechukua mgeni mmoja mpya, nikamvika zambarau, nikamwita Bibi, nikamtua kwenye benchi. Wanafanana kabisa.

Jumamosi, 7 Juni

Dada hakuvua hata viatu. Alikaa kwenye kompyuta, akabofya benchi. Tupu. Nilisahau kufunga njia.

Akamkuta Bibi kwenye treni ya kuporomoka, kichwa chini miguu juu, akiwaza kwamba anataka kitu cha kutisha zaidi. Nikasema huenda amechangamka. Dada akaniuliza, polepole, Bibi wake yuko wapi.

Nikaeleza yote, miwani ikiingia ukungu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikwenda jikoni kumsaidia mama kukata vitunguu, na vitunguu vikasingiziwa.

Jumapili, 8 Juni

Dada ana flashi kwenye funguo zake! Ndani yake mna bustani ya miaka miwili iliyopita. Ndiyo nakala pekee. Tukaifungua humo humo kwenye flashi, na Bibi huyo, zambarau yake, benchi lake. Juu ya kichwa chake pameandikwa kwamba anataka kwenda nyumbani.

Nikauliza kwa nini tusimjengee njia hadi getini.

"Hata hospitalini alikuwa anasema hivyo hivyo, kila siku," dada akasema. "Mwache aseme, mdogo wangu. Hivyo ndivyo ninavyomsikia."

Akaniapisha nisimguse. Nimeapa, mkono juu ya kitabu cha biolojia, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Akaniachia flashi, akasema nitengeneze nakala leo leo, kisha akarudi chuo.

Jumatatu, 9 Juni

Siwezi kusoma. Bibi bado anataka kwenda nyumbani, na dada anaumia akimwona, ila hasemi. Nadhani nimepata njia ya kumlipa wema wake. Yale mawazo yanakaa mahali pamoja tu kwenye faili, ni namba moja. Nikiibadilisha, Bibi atawaza kwamba benchi ni zuri na maji yametulia. Kubadilisha namba si kumgusa.

Flashi nimeshaichomeka. Nakala sijaisahau. Nitaiweka nikimaliza, ili iwe nakala ya kitu kilichokamilika.