Eksi ya Mzee Likwata

Wawekezaji walipoanza kugombania viwanja vya ufukweni Kilwa Masoko, marehemu wenye viwanja wakaanza kupata watoto wakiwa kaburini. Mzee Likwata, aliyefariki akiwa na binti mmoja tu, Mwanaima, akajaliwa ghafla mtoto wa kiume: Tawakali, muuza mabati, mtu mzima mwenye kitambi chake.

Habari zikamfikia Erasmo. Huyu aliwahi kuwa dereva wa watafiti waliokusanya mate ya watu wa pwani ili kujua asili zao. Watafiti walirudi kwao. Erasmo akabaki na koti jeupe moja na maneno yao makubwa. Sasa akajiita Daktari wa Vinasaba, na baraza la kata, lililokwisha kuchoshwa na kesi hiyo ya urithi, likamwomba apime.

Alianza kwa Mwanaima, akamsugua pamba ndani ya shavu.

"Mama, mwanamume ana kromosomu moja tu ya Eksi," alijigamba. "Hiyo humpa bintiye, nzima nzima. Mtoto wa kiume haipati ng'o! Eksi yake hutoka kwa mama."

"Makubwa hayo," alisema Mwanaima.

Kwa Tawakali hakukuwa na somo. Walinong'ona kidogo, na Erasmo akatoka pale mchana kweupe akiendesha pikipiki mpya ya Tawakali.

Siku ya baraza alisimama, akakohoa kisomi. "Waheshimiwa, nimelinganisha mate na nywele zilizobaki kwenye kofia ya marehemu. Eksi ya Mzee Likwata nimeikuta, safi kabisa, kwa Bwana Tawakali!"

Tawakali akabubujikwa na machozi. "Baba yangu!"

Mwanaima akainuka. "Daktari, si uliniambia Eksi ya baba huenda kwa mabinti peke yao?"

"Ndiyo, kitaalamu ni..."

"Basi karibu, dada Tawakali. Sogea huku tulikokaa wanawake."

Baraza zima likaangua kicheko. Jasho lilimtoka Erasmo, lakini mdomo haukumtupa. Akapiga meza.

"Huo ndio mtego wangu! Nilitaka nimwone mwongo atakayeipokea hiyo Eksi!"

Makofi yakarindima. Tawakali alifumbua kinywa adai pikipiki yake, akakumbuka ataulizwa aliitoa kwa ajili gani, akakifumba.

Nje, Erasmo alikuwa ameshaipanda pikipiki Mwanaima alipoushika usukani.

"Mtego mzuri, Daktari. Nirudi ndani niwaambie chambo kilikuwa pikipiki?"

"Unataka nini, mama?"

"Funguo."

Akampa. Erasmo alipata lifti kwenye lori la chumvi lililokuwa likienda Lindi, koti jeupe kwapani, moyo ukimuuma kama aliyeibiwa mali ya halali. Lakini walipokaribia kufika alikuwa ameshaitazama pua ya dereva na kumweleza kwamba ni ya ukoo wa kisultani, na kwamba jambo hilo linapimika.