Matanga Kwenye Kona

Jumatatu, Juni 16

Maurine amenyang'anywa simu tena. Palepale kwenye kona, kando ya lile jengo lisiloisha. Mjukuu wangu huyu anasomea ushonaji chuo cha Sigalagala, na mvua ikichelewesha magari anafika giza likiingia. Amekuja analia, kiatu kimoja hana. Nimemkanda miguu, nimemgombeza, nimemlisha obusuma, ugali wetu, mpaka akanyamaza.

Mama yake, Emily, amepiga simu kutoka Nairobi. Amesema wakimgusa tena, Maurine atahamia kwa shangazi yake Musanda, na masomo yaishie hapo. Emily akisema amesema. Kichwa hicho alikitoa kwangu.

Nibaki na nani kwa hii nyumba? Lazima nifanye kitu. Kalamu naishika kama mwiko, lakini mpango nitauandika hapa, Zipporah asiuibe.

Jumanne, Juni 17

Mkutano wa nyumba kumi kwa Mzee Were. Zipporah, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuja amevaa kofia ya kanisa. Akasema kila nyumba inunue filimbi. Akapigiwa makofi.

Nikawauliza: wezi walipokuwa kwa jirani yetu Dorothy, si alipuliza filimbi mpaka mate yakakauka? Na sisi tulifanya nini? Tulisukuma kabati mlangoni. Hata mimi nilisukuma. Mzee Were akaangalia viatu vyake.

Zipporah akauliza basi yule mama mwenye akili ametuletea nini. Sikuwa na kitu. Nikasema mtaona.

Jioni nilisimama langoni nasikiliza viatu vya Maurine mpaka chai ikapoa.

Jumatano, Juni 18

Nimepata. Kuna sauti moja tu inayotoa watu nyumbani hapa kwetu: kilio cha msiba. Mwanamke akililia mtu wake, hakuna anayefunga mlango. Hata asiyekupenda anakujanga, tena mbio, asije akasemwa.

Zipporah na filimbi yake.

Alhamisi, Juni 19

Imefanya kazi. Imefanya kazi kupita kiasi, hiyo ndiyo shida.

Nilijibanza kwenye kona, leso kichwani. Maurine akatokea. Vijana wawili wakatoka kwenye jengo, wakamfuata nyuma. Nikashika kichwa, nikalia: Lazarus ndugu yangu, umeniacha na nani! Jina lilikuja lenyewe. Lazarus ni ndugu yangu wa pekee, yuko Shianda, mzima kabisa, analima miwa.

Mtaa wote ukamwagika. Dorothy na povu la sabuni mikononi. Mzee Were na taulo. Wale vijana hata sikuona walipopitia. Maurine akanikumbatia, akaanza kulia na yeye, maana anampenda sana Lazarus.

Ningesema ukweli hapohapo. Lakini Zipporah alikuwa amenishika kiuno analia kuliko mimi, na huyo akijua nimedanganya atanizika kweli. Nikazidi kulia. Uwanja wangu ni mdogo, kwa hivyo wameleta viti vya kanisa na kuwasha moto wa matanga palepale kwenye kona.

Maurine nimemnong'oneza ukweli. Alicheka, halafu akashika mdomo, akasema kukhu, bibi yangu, sasa utafanya nini?

Jumamosi, Juni 21

Waombolezaji wanakula. Kuku wangu wameisha, amebaki jogoo. Mzee Were anauliza mazishi ni lini. Nasema kuna karatasi bado. Anauliza karatasi gani. Nalia.

Watu hawatoki kwenye ule moto. Wanaimba, wanabishana mpira, wengine wanasinzia. Mama wa mboga anauza mpaka giza. Jana na leo Maurine amepita kwenye kona kama anayepita sebuleni kwao.

Lazarus akisikia je?

Jumapili, Juni 22

Lazarus amesikia.

Aliambiwa tu kuna msiba kwa dada yake. Hakuuliza wa nani. Ametokea baada ya kanisa, mkungu wa ndizi begani, analia tangu barabarani. Wale wa kanisa la huku hawamjui, wakampa kiti na chai. Akafuta machozi, akamuuliza Mzee Were marehemu ni nani. Mzee Were akamwambia ni Lazarus wa Shianda, miwa, watoto sita. Kikombe kilianguka, akasema Lazarus ni mimi.

Dorothy akakimbia. Zipporah hakukimbia. Alimfinya Lazarus sikio, akatangaza kwamba huyu ana joto, si mzimu.

Nikasema yote. Lazarus akasema mtu akililiwa akiwa hai ni mkosi, lazima achinjiwe jogoo, na firigisi ale peke yake. Jogoo akaenda. Alimtafuna polepole, ananiangalia.

Zipporah alinitukana kwa mpangilio, kuanzia magoti kupanda juu. Halafu akasema kitu: tangu tukae hapa, hakuna aliyeporwa. Viti vibaki. Tufunge taa pale juu. Kila nyumba ikae kwa zamu mpaka watoto wote wafike. Wakampigia makofi. Yeye!

Jumatatu, Juni 23

Taa inawaka. Zipporah alishika zamu ya kwanza na kofia yake ya kanisa, akamsindikiza Maurine mpaka langoni kwangu. Emily amepiga simu, amesema mtoto abaki. Nimelia kidogo jikoni.

Lakini mimi sidanganyiki. Mwizi atishwe na viti? Walitoroka sauti yangu, na sauti hiyo itasahaulika. Unatakiwa msiba mwingine. Lazarus ameshatumika. Mzee Were ana kikohozi, nitamletea mkosi.

Nimemchagua Zipporah. Ijumaa anaenda kwa dada yake Mumias, hatakuwepo kuharibu. Nimejaribu kilio chake chooni, kwa sauti ya chini. Nikifika kwa jina lake, machozi yanatoka ya kweli.

Yatatosha.