Kitanda cha Harusi na Maneno ya Kurudisha

Jumatatu, 3 Juni
Balaa! Kaunta yetu ya bidhaa zinazorudishwa dukani itabaki na mtu mmoja tu. Wiki ijayo meneja atatuhoji kwa Kiingereza, mimi na mwenzangu Kalamu Mbili. (Huchomeka kalamu mbili mfukoni, zote hazina wino.) Atakayeshindwa anashushwa stoo ya chini kuhesabu maboksi. Stoo haina hata dirisha! Miaka minane nimekaa kule juu, feni inanipepea, wateja wananiita bosi. Kalamu Mbili kaniambia nianze kuzoea giza. Nikacheka kwa dharau. Usiku huu nalala taa ikiwaka.

Jumanne, 4 Juni
Nimeazima kamusi ya binti yangu. Kumbe Waingereza hawarudishi kitu kwa neno moja! Return, kurudisha. Give back, kumpa mwenyewe kilicho chake. Send back, kurudisha kwa kusafirisha. Restore, kurudisha kitu pale kilipokuwa zamani. Saa mbili nzima nakariri. Nikafunga kamusi, yote yakayeyuka. Kichwa changu hakishiki kitu mpaka mikono ikifanye.

Jumatano, 5 Juni
Mbinu imeiva. Kila neno, kitu kimoja kinarudi kwa mwenyewe! Nimempelekea jirani fundi rangi ngazi yake: return. Alishanunua nyingine, lakini alinishika mkono kwa muda mrefu. Beleshi la kinyozi: give back. Kinyozi akaniuliza naumwa nini. Maneno yote mawili yamekaa kama yamepigiliwa misumari. Raha iliyoje! Ila vitu vya kuazima vimeisha, maneno bado.

Alhamisi, 6 Juni
Ufumbuzi! Nyumba hii imejaa vitu vya watu. Sawa, tulipewa siku ya harusi, lakini vina wenyewe. Sufuria kubwa nimemkabidhi shangazi: hand over. Kitanda kimeenda kwa mjomba kwa mkokoteni: send back. Kabati la vyombo nimelirudisha kwa mama mkwe, ukuta uleule wa zamani: restore. Alitaka kusema jambo. Sikumpa nafasi, nilikuwa nakariri.

Mke wangu karudi kazini, kakuta nyumba inatoa mwangwi, akauliza kama tumeibiwa. Nikamwambia hapana, nasoma. Kachukua mkeka peke yake. Mimi na sakafu.

Ijumaa, 7 Juni
Kalamu Mbili kaficha kiti changu. Nikamfichia kalamu zake. Retaliate, kulipiza. Neno limeingia bila jasho.

Jumapili, 9 Juni
Nani angeniambia? Mjomba alipopokea kitanda alimpigia simu shangazi, shangazi akampigia mama mkwe, wote wakakata shauri kwamba navunja ndoa. Tena kwa mafungu! Asubuhi wamejaa sebuleni, wamesimama maana hata viti vilikuwa vya shemeji. Mama mkwe akaniuliza binti yake kanikosea nini. Mjomba akasema yeye ndiye aliyekwenda kuniposea, sasa nimemvua nguo mbele za watu.

Nikamtazama mke wangu. Mabega yanamtetemeka, machozi yanamtiririka. Nikaona nimekwisha! Nikasogea nimbembeleze. Kumbe anacheka! Akawaambia jamani, huyu hajaniacha, anajifunza Kiingereza. Shangazi akaguna, akaangua kicheko, na wote wakavunjika mbavu. Mpaka alasiri vitu vyote vimerudi, pamoja na sufuria, safari hii limejaa chakula. Mke wangu kaninong'oneza kwamba siku akiniacha, kitanda anabaki nacho yeye. Nampenda mno mwanamke huyu! Nimeosha vyombo vyote: reciprocate, kumrudishia mtu wema wake.

Jumatatu, 10 Juni
Usaili. Kalamu Mbili katangulia, katoka anatabasamu. Nikaingia. Meneja akauliza nitafanyaje mteja akirudisha pasi mbovu. Kichwani peupe! Nikakumbuka mkokoteni. Nikasema uncle, bed, send back. Baada ya hapo hakuna wa kunizuia. Aunt, big pot, hand over! Mother-in-law, cupboard, restore! My wife, mat. Me, floor.

Meneja alicheka mpaka miwani ikadondoka. Akasema Kiingereza changu ni kibovu sana, lakini mtu aliyerudisha hata kitanda chake hawezi kumzungusha mteja. Kaunta ni yangu! Kalamu Mbili kanipa mkono, kisha kashuka ngazi za stoo polepole. Nimemrudishia kalamu zake. Hata wino nimemtilia.

Jumatano, 12 Juni
Tangazo jipya ubaoni! Anatafutwa mkuu wa karakana ya kutengeneza mafriji. Ofisi ina kiyoyozi. Usaili ni kwa Kiingereza. Kaunta ni nzuri, lakini feni ni feni tu.

Nimekariri maneno ya ufundi tangu mchana, hayakai. Bahati nzuri mama mkwe amesafiri, katuachia friji lake tulitunze. Dismantle, kufungua kitu kipande kimoja kimoja, limeingia barabara! Vipande sitini na vitatu, sebule nzima haina pa kukanyaga. Assemble, kuviunganisha tena, ndilo linalogoma. Na sasa namsikia mama mkwe getini, karudi siku mbili kabla. Watu wengine hawana kabisa tabia ya kutoa taarifa.