Mwenye Safura ni Namba Nne

Jamani, leo sina uso.

Kazi yangu mnaijua: nachunguza vinasaba vya minyoo. (Mama akiulizwa husema mwanawe ni daktari, basi.) Leo tulikuwa kijijini huko Moa kuomba choo cha watu. Ndiyo, choo! Bila choo hakuna minyoo, na bila minyoo mradi wangu unafungwa.

Kina mama wakagoma. Nikamwamkia mkubwa wao, Bi Mwanaidi, shikamoo ya heshima zote. Akaitikia, kisha akanikazia macho.

"Choo changu ukakitazame na wenzio? Anza wewe, mwanangu."

"Naanza, bibi!" Nikachukua kikombe, nikaenda msalani kifua mbele. Kina mama wachache wakaona haya, nao wakaleta vyao. Msaidizi wangu, Zaituni, akavipa namba bila majina, ndiyo taratibu yetu. Changu humohumo.

Tukawasha hadubini, picha ikatokea ukutani. Namba moja, safi. Mbili na tatu, safi. Namba nne... mayai ya safura! Tele!

Hapo ualimu ukanipanda kichwani. "Mnaona? Huyu anatembea pekupeku shambani! Huyu hajameza dawa ya minyoo tangu amalize shule! Mtu mzima ovyo!"

Zaituni akanivuta koti. "Dokta..."

"Subiri kwanza."

"Dokta, namba nne..."

"Sema kwa sauti, Zaituni, kina mama wasikie!"

Akasema kwa sauti. "Namba nne ni wewe, Dokta."

(Nikakumbuka shamba la iliki la mama kule Amani. Nikifika tu, viatu naviacha mlangoni.) Nilitamani ardhi inimeze, na hao safura wangu.

Bi Mwanaidi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Lo! Wanawake, leteni vikombe! Ikiwa mwenyewe anao, sie twaficha nini?"

Foleni ikafika nje. Vikombe vikatuishia. Mradi umepona, nashukuru, lakini dawa nimetafunishwa mbele ya kijiji kizima, Bi Mwanaidi kanishikia bilauri ya maji: "Meza mwanangu, usiteme."

Sasa nipo nyumbani, tumbo linanguruma. Nawaomba msicheke. Na wewe ambaye umeshaanza kucheka, umepima lini?