Fimbo Zangu za Shaba na Ugumu wa Uwanja Wenu

Kampemba, Lubumbashi, mwezi wa tisa

Kwa Mheshimiwa Président wa kamati ya klabu yetu ya golf,

Salamu zikufikie wewe na kamati nzima, pamoja na makamu wako ambaye Jumapili, niliposhika fimbo, alipaliwa na soda mara tatu. Naandika kwa heshima zote kuomba uwanja urekebishwe kabla ya Jumamosi. Fimbo zangu ni nzuri. Kosa liko kwenye ardhi.

Jumamosi nacheza na Papa Mwelwa, baba wa Hénoc, kijana anayemwoa binti yangu Sephora. Siku walipokuja kujitambulisha, mzee huyo aliuliza nafanya nini tangu nistaafu reli. Nikajibu kwamba nacheza golf, na kwamba karibu na shimo hakuna anayeniweza. Akasema hata yeye anacheza. Basi familia zote mbili zinakuja kutazama. Wewe ni mtu wa hapa, unajua kwetu mkwe hachekwi. Nikikosa mpira, wote watainamisha vichwa kwa adabu na kutazama viatu vyao, na kimya hicho mimi sitakiweza. Nasema wazi, Président, naogopa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Zile fimbo fupi za kuinulia mpira karibu na shimo, tunazoziita weji, nilizichagua kwa uangalifu mkubwa. Guelor, mfanyabiashara, aliniletea mfuko mzima kutoka mpakani Kasumbalesa wakati wa mvua. Akaanza kunieleza habari za digrii, yaani uso wa fimbo ukilala zaidi mpira unapanda juu badala ya kwenda mbali, halafu habari za kitako cha fimbo: kipana kwa mchanga na udongo laini, chembamba kwa ardhi ngumu. Nilimwomba asinichoshe. Baba yangu aliyeyusha shaba katika mji huu, na babu yangu vilevile, kwa hiyo nilichukua zenye rangi ya shaba, mukuba wetu. Zilikuwa tatu, zote za digrii sitini, zote za kitako kipana. Sijui Mkatanga mwenye akili zake angechukua zipi nyingine.

2. Uwanja wenu sasa ni mgumu kama sakafu ya saruji. Fimbo ikigusa chini inadunda, inaupiga mpira tumboni, nao unakimbia kwa hasira mpaka kwenye kichuguu cha upande wa pili. Naomba mmwage maji kila mahali ninapotazamiwa kusimama. Ramani nitawachorea mwenyewe.

3. Nikibahatika kuupiga vizuri, mpira unapanda juu sana, watu wanaushangaa, kisha unashuka karibu na miguu yangu. Annie, mke wangu, anasema mwenye fimbo tatu za namna moja ana fimbo moja na mzigo. Simlaumu, mambo ya golf hajayasoma. Lakini bendera zenu za kwenye mashimo ziko mbali mno na wachezaji, zisogezwe.

4. Kama maji hayatoshi, basi kamati imwendee Abbé Paulin wa parokia yetu, asome misa ya kuomba mvua. Inyeshe Ijumaa, iishie kwenye ukuta wa klabu. Huku Kampemba majirani zangu wanakausha matofali na sipendi kugombana nao.

Naamini ombi hili ni dogo ukilinganisha na furaha ya nyumba mbili. Nisalimie mama wa nyumbani, watoto, walinzi wa getini na yule makamu, ambaye natumaini kifua chake kimepona.

Mimi mwanachama wenu mtiifu,
Liévin Kasonde

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, simu ikalia. Ni Papa Mwelwa, sauti yake iko chini kama mtu anayejificha jikoni. Alisema: "Buko, nasikia uko na fimbo tatu za mukuba. Uniazime zote, nisione haya mbele ya bibi yako." Kumbe naye hapati usingizi. Aliniita buko, mkwe wake, kabla hata ya harusi, na nakiri moyo wangu ulilainika. Tena unajua kwetu buko akiomba kitu kwa mdomo wake mwenyewe hanyimwi. Nimezing'arisha kwa limau na kumpelekea zote. Mimi nitacheza na ile weji nyeusi ya zamani, ya kitako chembamba, ambayo Annie anazuilia mlango wa banda la kuku. Kwa hiyo futa namba ya kwanza mpaka ya mwisho. Uwanja wenu ni mzuri ajabu, bendera ziko mahali pake, na Abbé Paulin ana kazi nyingi, asisumbuliwe. Lakini nikimwona mtu na ndoo ya maji karibu na nyasi zile kabla ya Jumamosi, nitamshtaki kwenye mkutano mkuu.