Dakika ya Arobaini, Shujaa Hutumbukia Majini

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata adui mpya. Ni kinyozi. Anaitaka maikrofoni yangu! Nieleze, maana shajara isiyoeleza ni orodha tu. Tangu nistaafu ualimu, kila Jumamosi mchana nasimulia katuni za Kijapani pale ukumbini. Picha inakwenda, mimi nawaambia watazamaji nani kasema nini. Kijapani sijui. Kazi hii haihitaji Kijapani, inahitaji subira. Leo kinyozi, mkasi ukilizunguka sikio langu, kasema eti Mwalimu nimechuja, bora nimpishe yeye aliyeziona filamu zote. Mwenye mkasi hajibiwi. Lakini nina mpango, na safari hii hauwezi kushindwa.

Jumanne, 4 Juni
Mpango wenyewe. Jumamosi inaonyeshwa filamu ya ishirini na tatu ya Upanga wa Radi. Nitaisimulia nikiwa nimeipa skrini mgongo! Nimesimulia zote ishirini na mbili: uji uleule, bakuli tofauti. Dakika ya tano, binti mgeni analia, shingoni ana jiwe la urithi. Ya ishirini, shujaa anakula kupita kiasi. Ya arobaini, anapigwa na kutumbukia majini. Ya sitini, rafiki zake wanafika mmoja mmoja, kila mmoja akilitangaza pigo lake kabla ya kulipiga, kosa ambalo hata mwanafunzi mtoro hafanyi. Ya sabini, nywele zinawaka. Mwisho binti anaaga, na hatajwi tena milele. Filamu inayofuata, shujaa kasahau yote na anaingia mtego uleule. Miaka yote hiyo hajifunzi! Ningekuwa mwalimu wake, angerudia darasa.

Alhamisi, 6 Juni
Mwenye ukumbi kakubali. Nikipatia, maikrofoni ni yangu hadi nichoke mwenyewe. Nikikosea, ni ya kinyozi, ambaye kaapa kukaa mbele na saa yake. Mke wangu kauliza kama nimeshasahau ya fundi viatu mwezi uliopita, na ya muuza magazeti kabla yake. Nimemweleza kwa upole kwamba yale yalikuwa mambo tofauti kabisa.

Jumamosi, 8 Juni
Ushindi! Jiwe, dakika ya tano. Maji, dakika ya arobaini kamili! Kinyozi alitazama saa, akanitazama mimi, jasho likamtoka. Watoto walicheka hadi wakashika mbavu. Nikaongeza, bila kupanga, kifo cha mbwa mzee. Papo hapo, nyuma yangu, mbwa akabweka mara ya mwisho! Nililia. Sijui nilimjuaje mbwa huyo. Kipaji tu.

Jumapili, 9 Juni
Aibu! Mjukuu wangu, huku akimenya chungwa, kaniambia: Babu, ile ilikuwa ya kumi na tisa. Mwenye ukumbi alikosea diski. Ukumbi mzima ulijua, isipokuwa mimi na kinyozi. Eti mwaka jana pia nilimlilia mbwa yuleyule. Nikauliza kwa nini hakusema. Kasema ilikuwa tamu kuliko filamu.

Mchana mwenye ukumbi katoa hukumu: wazee wawili wasiojua jipya wala la zamani hawapewi maikrofoni. Kampa mjukuu wangu, na filamu sahihi ikawekwa. Dakika ya tano, binti mgeni alikuwa na pete. Nikapaza sauti kwamba pete nayo ina jiwe. Nikanyamazishwa, na aliyeninyamazisha alikuwa mjukuu wangu, kwa maikrofoni yangu! Mimi na kinyozi tulikaa benchi la nyuma, tukigawana karanga kama wafiwa.

Nyumbani, mke wangu kasema mimi na shujaa wangu ni mapacha: adui anakuja, naapa, natumbukia, ikifika Jumatatu nimesahau. Nimelitafakari kwa makini. Halina ukweli. Nywele zangu hazijawahi kuwaka.

Jumatatu, 10 Juni
Nimepata adui mpya. Ana miaka kumi na miwili, na anakunywa chai mezani kwangu. Kinyozi kajiunga nami. Tuna mpango, na safari hii hauwezi kushindwa.